Kilima Suruali

Katika nyumba ya Kanali mstaafu hakuna aliyevuta kiti kabla mwenyewe hajakaa, na hakuna aliyeinuka kabla mwenyewe hajafuta mdomo. Hata wajukuu zake, ambao kwingine kote walikuwa watundu wa kuning'inia kwenye mapazia, wakifika mezani pale walikaa kama wanaopigwa picha. Mke wa mwanawe alikuwa akila kwenye meza ile tangu mama mkwe alipofariki na mumewe kuamua kwamba baba hawezi kuachwa peke yake, na katika miaka yote hiyo hakukumbuka tonge hata moja alilolimeza bila kulisikia linavyoshuka.

Kazini walimwita Bi Herufi. Alikuwa raia aliyeajiriwa katika Idara ya Ramani ya Jeshi, sehemu ya majina, na kazi yake ilikuwa kuyapanga majina ya mahali juu ya ramani: jina la mto lifuate mkunjo wa mto, jina la kijiji lisikalie barabara, jina la mlima lisizibe mistari inayoonyesha mwinuko. Ni kazi ya macho na subira. Jina likikaa vibaya, askari anaweza kupanda mlima usio wake. Aliipenda kazi hiyo, tena alikuwa nayo kabla hajaolewa. Yeye na mumewe walijuana pale pale getini, alipokuwa akija kumchukua baba yake jioni, enzi ambazo baba ndiye aliyekuwa mkuu wa idara nzima. Lakini maneno ya watu hayana breki. Wapo wanaosema mpaka leo kwamba Bi Herufi alipata kiti kwa mgongo wa mkwewe.

Laiti wangejua. Kanali hakuitaka ndoa ile. Alikuwa amemtafutia mwanawe, ambaye ni mfamasia, binti wa brigedia, kijana akamletea mwandika majina. Harusi ilipita, watoto wakazaliwa, lakini mzee hakuwahi kusamehe. Akimwita mkwewe alisema "bibi wa herufi," akivuta ile "bibi" mpaka ikawa tusi. Birika likichelewa alitazama saa ya ukutani, kisha akamtazama yeye, kisha akarudi kwenye saa. Mfamasia aliyaona yote hayo na kuinamisha kichwa. Alikuwa mtu mwema mbele ya wagonjwa na mwoga mbele ya baba yake, na kwa vile wagonjwa walikuwa wengi na baba mmoja, watu walimhesabu kuwa mtu mwema.

Ukutani, mahali ambapo nyumba nyingine huweka picha ya harusi, palitundikwa ramani ndani ya fremu ya kioo. Ilikuwa karatasi ya nyanda za juu za mpakani, toleo la kwanza, na katikati yake, kwa herufi nene kuliko za jirani zake, paliandikwa KILIMA CHA USHINDI. Kila mtoto wa shule nchini alikijua kilima hicho. Wakati wa mgogoro wa mpaka, Kanali, alipokuwa bado kapteni, alikuwa huko na kikosi kidogo cha wapima ardhi. Adui akawashambulia kwa mizinga. Wapima ardhi wakashikilia kilima mpaka adui akarudi nyuma. Ndivyo taarifa ilivyosema, na ndivyo medali ilivyosema. Yeye mwenyewe alipochora ramani ya eneo lile akakipa kilima jina, na jina likaenea. Likapewa barabara mjini, likapewa kambi ya mafunzo, likaingia kwenye kitabu cha jiografia.

Basi ukafika wakati wa kutoa toleo jipya la karatasi ile. Picha za angani zilikuwa tayari, kilichobaki kilikuwa kuhakiki majina kwa kufika huko kwenyewe. Mkuu wa sehemu ya majina, Meja mmoja mwenye tabia ya kugonga mlango hata wa ofisi yake mwenyewe, akampanga Bi Herufi aende. Alidhani anamfurahisha Kanali kwa kumpeleka mkwe wake akakione kilima cha familia. Bi Herufi aliposema habari hiyo mezani, mzee aliacha kutafuna.

"Huko hakuna cha kuhakiki," akasema.

Bi Herufi akajibu kwamba ni utaratibu tu, baba, kila karatasi lazima ihakikiwe. Kanali akamwambia mwanawe, si yeye, kwamba siku hizi jeshi limekosa kazi mpaka linatuma wanawake kwenda kuuliza wachunga ng'ombe majina ya milima. Siku ya safari, asubuhi, gari la kijeshi lilipokuja kumchukua Bi Herufi, mzee alikuwa amesimama dirishani na sare yake ya zamani mkononi, akiipiga brashi kwa nguvu kana kwamba ina kosa.

Kule nyanda za juu hawakupokelewa kwa maua. Gari la jeshi likiingia kijijini milango ilifungwa upande huu na upande ule, na aliyekuwa uwanjani akakumbuka ghafla kazi ya ndani. Dereva, koplo mcheshi ambaye hakuwahi kukosa neno, alisema huku ni kwema sana, hata mbwa wamekataa kuwabwekea. Bi Herufi alikuwa na uzoefu. Hakuuliza kitu. Aliingia kwenye kibanda cha chai, akaagiza chai, akakaa, akanywa. Akaagiza nyingine. Watu wakaanza kurudi mmoja mmoja, kwa kuwa chai ni chai. Alipoona wameshamzoea, akaanza na mambo mepesi: mto huu mnauitaje, lile bonde je, njia ile inakwenda wapi. Walimjibu kwa mkato. Kisha akaelekeza kidole kwenye kilima kilichosimama nyuma ya kijiji, kilima cha mawe na vichaka, na kuuliza nacho wanakiitaje.

Kibanda kizima kikaingia kwenye vikombe. Mabega yalikuwa yakitikisika. Mzee mmoja alipaliwa na chai, ikabidi apigwe mgongo.

Mwenye kibanda, mama mnene asiyeogopa mtu, akajifuta mikono. "Mwanangu, unataka jina la redioni au jina lake?"

"Jina lake, mama."

"Kinaitwa Kilima Suruali."

Koplo akacheka kwa sauti, akajiziba mdomo. Mama akaeleza, na wengine wakaongeza, kila mmoja akimsahihisha mwenzake. Wakati ule wa mgogoro, walisema, askari wa vipimo walipiga kambi juu ya kilima. Mchana mmoja wa jua kali wakashuka kijitoni kuoga, wakafua na suruali zao, wakazianika vichakani. Ng'ambo ya bonde serikali ya jirani ilikuwa ikichonga barabara. Wachongaji wakalipua mwamba kwa baruti. Mlipuko wa kwanza, askari wakatoa vichwa majini. Mlipuko wa pili, wakawa hawapo. Wachungaji waliwaona wakikata mbuga kuelekea bara, mkubwa wao akiwa mbele, mguu juu mguu chini, na suruali zikabaki vichakani zikipepea. Watoto wa kijiji walizivaa mpaka zikachanika.

Bi Herufi hakucheka. Aliandika jina kwa penseli, kisha akafanya kama kazi yake inavyotaka: akauliza tena kwingine. Aliuliza upande wa pili wa kilima, akauliza shuleni, akauliza wachungaji, akamwuliza fundi baiskeli aliyehamia huko juzi juzi. Wote jina moja. Mwalimu wa shule alisema darasani anafundisha Kilima cha Ushindi kwa sababu ndivyo kitabu kinavyosema, na watoto huandika hivyo kwenye mtihani, kisha wakitoka nje wanakwenda kucheza Kilima Suruali. Bi Herufi alikuwa anajua vizuri kanuni ya idara. Jina la mahali ni lile linalotumiwa na wakazi wake, si lile analolipenda mpimaji. Kanuni hiyo iliandikwa na Kanali mwenyewe alipokuwa mkuu, na iliandikwa kwa busara. Pengine alipoiandika hakufikiri kwamba itapanda kilima kile.

Mama wa kibanda alipomwona anafunga mkoba, alimvuta pembeni. Hapo hakuwa akicheka tena. Alisema wao wanacheka kwa sababu hawakuumia. Kama anataka kujua yaliyobaki, aende kwa Babu Darubini, nyumba ya mwisho, ila asitegemee kukaribishwa.

Babu Darubini alikuwa ameketi kwenye benchi nyuma ya nyumba yake, akipukuchua mahindi ndani ya beseni. Jicho lake la kushoto lilikuwa limezibika. Bi Herufi akaja kwa adabu zote, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, babu."

"Gari lile la jeshi ni lako?"

"Ni la ofisi, babu."

"Basi salamu yako ibaki na ofisi."

Hakumkaribisha kukaa, naye hakukaa. Alieleza kazi yake akiwa amesimama. Mzee alipukuchua gunzi zima kabla hajasema kitu, na aliposema alisema haraka, bila kumtazama, kama mtu anayetapika. Wakati wa mgogoro alikuwa kijana, akiwabebea askari wale mizigo kwa ujira mdogo. Siku waliyokimbia yeye alikuwa juu kambini, akakiona chombo chao cha kupimia kimesimama juu ya miguu yake mitatu, kile chenye darubini, ambacho walikuwa wakikifunika kwa blanketi usiku wakati wao wenyewe wanatetemeka kwa baridi. Akafikiri: hiki ni mali ya serikali, kikipotea watapata shida. Akakifungua, akakifunga kwenye blanketi lile lile, akakibeba kichwani kwa miguu mpaka kambi kuu ya jeshi. Alidhani watamshukuru.

Lakini kapteni alikuwa ameshafika kabla yake, na alikuwa ameshasema kwamba adui amewashambulia na chombo kimeharibiwa kwa mizinga. Sasa huyu hapa getini, kijana wa kijijini, na chombo kichwani hata mkwaruzo hakina. Mmoja wao alikuwa mwongo, na haikuwezekana awe kapteni. Kijana akaitwa mwizi, kisha akaitwa jasusi. Jicho lilikwenda katika kuhojiwa. Ujana ulikwenda gerezani. Aliporudi mama yake alikuwa amekufa, na mchumba wake alikuwa na watoto wa mtu mwingine.

Bi Herufi angeweza kushukuru na kuondoka. Hata baadaye hakujua ni nini kilichomzuia.

"Babu, nisikufiche," akasema. "Yule kapteni ni baba mkwe wangu. Naishi kwake."

Mikono ya mzee haikusimama. Punje ziliendelea kuanguka ndani ya beseni.

"Anakula vizuri?"

"Anakula."

"Analala?"

"Analala."

"Haya." Akachukua gunzi jingine. "Andika unachotaka. Sikuombi kitu, na yeye simtaki hapa wala sitaki pole yake. Ila mwambie jambo moja. Mwambie chombo chake nilikifikisha kizima. Hakikupungua hata skrubu. Sasa toka uani kwangu."

"Babu, mimi..."

"Toka, nimesema. Usinililie hapa. Nenda ukalie kwa mkweo."

Njiani koplo aliyezoea kupiga soga aliendesha akitazama barabara tu. Alikuwa amesikia kila kitu kutoka kwenye kona ya nyumba.

Ofisini Bi Herufi alijaza jina kama alivyolikuta na kulipeleka kwa Meja. Meja alilisoma, akavua miwani, akaifuta, akalisoma tena. Akafunga mlango.

"Bi Herufi, unataka niingize suruali kwenye ramani ya taifa?"

"Imo tayari, Meja. Sisi tu ndio hatujaiandika."

Meja akamkumbusha barabara, akamkumbusha kambi ya mafunzo, akamkumbusha na kitabu cha shule. Akasema kuna majina ya kijiografia na kuna majina ya heshima, na mtu mzima huyatofautisha. Bi Herufi akamwekea kanuni mezani, akasema sheria ni msumeno. Meja akamjibu kwamba hata kama ni msumeno, atafute mwingine wa kushika mpini, yeye ana watoto wanasoma. Hakukataa wala hakukubali. Alichofanya, mara tu mlango ulipofungwa, ni kuinua simu na kumpigia Kanali.

Kuanzia siku hiyo nyumba ikawa uwanja wa vita. Kanali hakugombana, alifanya vibaya zaidi. Aliacha kula chochote alichokipika mkwewe. Alijichemshia mayai mwenyewe, akayala amesimama jikoni, akampa mgongo. Alimwambia mjukuu, "Mwambie mama yako taa ya veranda inawaka," na mama huyo amesimama hatua mbili kutoka kwake. Mchana mmoja aliitisha ugeni: akaja binti yake mkubwa, wifi yake Bi Herufi, na magauni yake ya kunong'ona na ulimi wake usionong'ona. Wifi hakuketi.

"Umekula kwa baba, umelala kwa baba, na leo unamvua baba nguo hadharani," akasema. "Mwanamke wa kuokotwa ana shida. Hajui kufunika."

Bi Herufi akamwuliza kama amemaliza. Wifi akasema hajaanza. Akamaliza jioni.

Kazini nako hakukuwa na nafuu. Wenzake waliacha kumsubiri wakati wa chai. Mtu asiyejulikana alimwekea suruali kuukuu juu ya meza yake, imekunjwa vizuri. Akaichukua, akaipeleka kwa mfagiaji, akaendelea kupanga majina ya mito. Jina la mto mmoja likatoka limepinda, akalirudia.

Mfamasia alikuwa katikati kama nafaka kwenye jiwe la kusagia. Alimwambia mkewe kwa upole kwamba baba ni mzee, ana shinikizo la damu, ni jina tu. Bi Herufi akamweleza yote aliyoambiwa uani kwa Babu Darubini, isipokuwa ule ujumbe wa skrubu, ambao ulikuwa wa Kanali peke yake. Mfamasia akauliza kama yule mzee anaweza kuwa anadanganya. Akauliza kama anayetaka kuambiwa ndiyo.

Jumapili ile Kanali alikuja mezani kwa mara ya kwanza tangu vita ianze. Alikuwa amevaa koti lenye medali. Wote wakasubiri akae, akakaa.

"Mwambie mkeo," akamwambia mwanawe, "kesho asubuhi aende akafute alichoandika."

"Baba anasema..."

"Nimemsikia," akasema Bi Herufi. "Mimi si kiziwi." Akawaambia watoto watoke nje wakacheze. Walitoka mbio, wakiwa wameacha sahani zimejaa.

Kanali akamgeukia, na kwa mara ya kwanza baada ya majuma akasema naye moja kwa moja. Alisema wachunga ng'ombe hawajui chochote kuhusu vita. Alisema yeye ameijenga idara ile kwa mikono yake, ameipa nchi hii ramani wakati wenye kujidai leo hawajazaliwa, na hatavuliwa heshima na mtu aliyekuja humu ndani na sanduku moja. Alisema mengi. Bi Herufi alimwacha amalize.

"Baba, nina salamu zako," akasema. "Nilipewa nikuletee, nimekaa nazo. Ameniambia nikwambie chombo ulichokiacha kilimani alikifikisha kizima. Hakikupungua hata skrubu."

Kijiko cha mzee kilibaki hewani.

"Nani?"

"Unamjua."

"Yule alifia gerezani."

"Hakufa. Yupo, anapukuchua mahindi. Ana jicho moja."

Mfamasia alikuwa akimtazama baba yake. Labda alikuwa akisubiri acheke, au akasirike kama anavyokasirika mtu aliyesingiziwa. Mzee hakufanya moja wala jingine. Aliweka kijiko chini, akafuta mdomo taratibu, pembe hii na pembe ile.

"Baba, ni nani huyo?"

"Nchi ilikuwa inataka ushindi," akasema Kanali. "Kila siku redio ilikuwa inatangaza tunarudi nyuma, tunarudi nyuma. Nikawapa ushindi. Watu waliimba barabarani. Ulizaliwa wiki ile, walikupigia vigelegele. Mtu mmoja kukaa ndani, ni nini hicho mbele ya nchi nzima?"

"Ulijua hana kosa?"

"Ilibidi mmoja awe na kosa."

Nje mtoto mmoja alikuwa akimlalamikia mwenzake kuhusu mpira. Kanali akamgeukia mkwewe, na uso wake ulikuwa umetulia kabisa, uso wa mtu anayetoa amri ndogo.

"Na wewe umekuwa ukiula ushindi huo," akasema. "Paa hili, meza hii, shule ya mumeo. Umetafuna kama wengine. Sasa toka nyumbani kwangu."

Mzee wa kilimani alikuwa ameshamfukuza kwa sababu ya mkwewe, sasa mkwewe naye alimfukuza kwa sababu ya yule. Bi Herufi aliinuka, na aliinuka kabla mzee hajasukuma kiti chake.

Chumbani alipakia nguo za watoto. Mumewe alisimama mlangoni, ameshika kiatu kimoja cha mtoto, hajui akiweke wapi.

"Ungenyamaza tu," akasema.

"Kama wewe?"

"Kwa ajili ya amani."

Akamnyang'anya kile kiatu, akakitia ndani ya begi. "Hiyo amani mbona wewe huna?" akamwuliza. "Nakutazama kila siku, una jasho mezani." Mfamasia hakutoka naye. Bi Herufi aliwashika watoto mikono, akapita sebuleni chini ya ile fremu, akaenda zake. Usiku huo alilala kwa dada yake, na siku chache baadaye akapanga vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, mahali ambapo kuanzia asubuhi mtu alisikia misumari ikimwagwa kwenye mizani.

Karatasi ikatoka kiwandani. Meja alikuwa amepata njia ya kutokumchukiza mtu, ambayo kwa kawaida humchukiza kila mtu. Alifuta Kilima cha Ushindi na hakuandika Kilima Suruali. Aliweka nukta nyeusi na urefu wa kilima kwa mita, basi. Pale palipokuwa na herufi nene pakawa na mistari mitupu ya mwinuko. Bi Herufi alihamishiwa ghala la ramani za zamani, chumba cha chini kisicho na dirisha, akapewa kazi ya kutoa vumbi kwenye droo. Hakuna aliyemwambia ni adhabu. Walisema wanahitaji mtu makini.

Kanali alipoiona ile karatasi alivaa sare kamili na kwenda idarani. Lakini askari wa getini alikuwa mgeni, kijana aliyeapishwa juzi, na orodha yake ya wageni haikuwa na jina la mzee huyo. Akamwomba asubiri kwenye benchi. Kanali akafoka, kijana akamwomba asubiri, kwa heshima ile ile, kama kasuku. Meja alipigiwa simu kutoka getini na akasema yuko mkutanoni. Hakuwa na mkutano.

Bi Herufi alikuwa akitoka kwenda kula aliposikia sauti anayoijua. Mzee alikuwa ameketi kwenye benchi juani, kofia magotini, uso umemwiva. Alipomwona mkwewe hakutazama pembeni. Bi Herufi alisimama mbele yake.

"Shikamoo, baba."

Hakumwitikia. Bi Herufi alisubiri kidogo, kiasi cha mtu kubadili nia kama anayo, kisha akapita. Askari wa getini akamwuliza kama anamfahamu yule mzee. Angeweza kusema neno moja na mlango ungefunguliwa.

"Namfahamu," akasema, na akaendelea na safari yake. Chakula chake siku hiyo hakikumpendeza, lakini alikila chote.

Kuhusu mfamasia, hakuonekana kwa muda mrefu. Alituma vitu vya watoto kwa mkono wa watu. Bi Herufi aliacha kumsubiri, au alijiambia ameacha. Mpaka Jumamosi moja mchana, duka la chini limefungwa, akasikia hatua kwenye ngazi, hatua anazozijua, nzito upande mmoja. Akafungua kabla mumewe hajabisha. Viatu vyake vilikuwa vimejaa vumbi jekundu ambalo mjini halipo.

"Nimetoka huko juu," akasema mumewe. "Nimekwenda kwa yule mzee."

"Akasemaje?"

"Hakunifungulia. Nilimwambia mimi ni nani, kupitia mlangoni. Nikakaa nje mpaka jua likageuka. Nilimsikia anakohoa ndani. Hakunifungulia."

"Ulitaka akufungulie ili iweje?"

Mfamasia alikuwa amekonda. Alisema hajui. Alisema labda alitaka kumwona tu, amwone kwa macho yake, asije akaambiwa tena kwamba hayupo. Akasema vilevile kwamba baba amemwambia akipanda ngazi hizi asirudi kwake, na kwamba begi lake liko chini kwenye gari.

Hasira ya Bi Herufi haikuwa imekwisha, na alijua hata kesho haitakuwa imekwisha, pengine hata mwakani. Ndani watoto walikuwa wamesikia sauti ya baba yao na mmoja alikuwa tayari anakuja mbio bila viatu.

"Lete begi," akasema. "Lakini mimi na wewe hatujamalizana."

"Najua," akasema mumewe, akashuka kulifuata.